Michigan: kulala kando ya ziwa ndani ya gari-nyumba, bila umeme wala robineti

Katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, watu wanalipa pesa ili walale mahali pasipo na umeme, pasipo na robineti, na ambapo choo ni cha shimo. Wanafika na nyumba zao juu ya magurudumu, wanaziegesha chini ya misonobari, mita chache kutoka ziwani, na wanabaki hapo siku mbili, tatu ao wiki nzima. Kwao hayo ni mapumziko.

Jimbo hilo ni pia makao ya maelfu ya Wakongomani, hasa katika miji ya Grand Rapids na Lansing. Wengi walifika huko baada ya kuishi miaka mingi Nyarugusu nchini Tanzania, Gihembe ao Kiziba nchini Rwanda, Nakivale ao Kyangwali nchini Uganda. Watoto waliozaliwa katika kambi hizo sasa wanasoma katika shule ambazo wanafunzi wenzao, likizo ikifika, husema kwa furaha kwamba wanaenda kambini. Kwa mzazi aliyetoka Masisi, Fizi ao Uvira, neno hilo lina uzito mwingine kabisa.

Je, ni nini kinachofanya kambi moja kando ya ziwa iwe raha, na nyingine iwe mateso? Jibu haliko mbali: ni maji, choo, kuni, na ruhusa ya kuondoka.

Jimbo lenye maziwa zaidi ya 11,000

Michigan inapakana na maziwa manne kati ya yale matano yanayoitwa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini: Superior, Michigan, Huron na Erie. Ndani ya jimbo lenyewe kuna maziwa madogo zaidi ya 11,000. Ziwa Superior lina upana wa kilometa za mraba karibu 82,000, ni kusema mara thelathini ya ziwa Kivu. Lakini kwa kina, ziwa letu linashinda: Superior inafika mita 406, huku Kivu ikikaribia mita 480. Tanganyika, yenye mita 1,470, inayaacha yote mbali.

Misitu inayozunguka maziwa hayo si ile ya zamani. Katika karne ya 19, makampuni ya mbao yalikata karibu misonobari yote mikubwa ya Michigan ili kujenga miji ya Marekani. Kilichobaki kilichomwa na moto mara kwa mara. Mwaka wa 1917, serikali ya jimbo ilinunua kipande cha msitu kilichokuwa bado hakijaguswa, katikati ya maziwa mawili, Duck Lake na Green Lake, na kukifanya bustani ya umma. Leo bustani hiyo inaitwa Interlochen, jina linalomaanisha « kati ya maziwa ». Kutoka Grand Rapids, ni safari ya gari ya saa mbili na nusu hivi.

Interlochen inaonyesha vizuri aina mbili za kambi. Kando ya Duck Lake, kila kiwanja kina umeme, na kuna bafu zenye maji ya moto. Kando ya Green Lake, upande wa pili, hakuna umeme: kuna meza ya mbao, duara la chuma la kuwashia moto, maji ya kuchota, vyoo vya shimo, miti na ziwa. Misitu mingine ya serikali ya jimbo ina kambi zaidi ya mia moja za aina hii ya pili. Nyingi ziko karibu na ziwa dogo ao mto.

Nyumba inayobeba kila kitu

Gari-nyumba ni la aina nyingi. Kuna lile lenye injini yake, ambalo dereva na kitanda viko chini ya paa moja. Kuna trela inayovutwa na gari la kawaida ao pick-up. Kuna pia trela ndogo ya kukunjwa, yenye kuta za kitambaa, ambayo ikifunguliwa inafanana na hema lililoinuliwa juu ya magurudumu. Sehemu kubwa ya magari hayo inatengenezwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana, karibu kabisa na mpaka wa Michigan.

Desturi hii si ya jana. Kati ya 1915 na 1924, Henry Ford, mtengeneza magari wa Michigan, alikuwa akisafiri porini pamoja na mvumbuzi Thomas Edison na Harvey Firestone, mfanyabiashara wa matairi. Walikuwa na lori lililobeba jiko na chakula. Mwaka wa 1921, raisi Warren Harding aliungana nao. Magazeti yaliandika sana juu ya safari hizo, na Wamarekani wengi wakapata hamu ya kufanya vilevile. Ford na Firestone walipata faida mbili: mapumziko, na wateja.

Katika kambi yenye umeme, gari-nyumba ni kama chumba cha hoteli. Katika kambi isiyo na umeme, linakuwa hesabu ya kila saa. Taa zinategemea bateri ya volti 12. Friji na jiko vinatumia gesi ya chupa. Wengine wanaweka vioo vya jua juu ya paa, lakini chini ya misonobari mirefu jua linafika kidogo. Wenye jenereta wanalazimika kuizima usiku: katika bustani za jimbo, saa za ukimya ni kuanzia saa nne za usiku hadi saa mbili za asubuhi.

Maji: hesabu ya bidoni

Trela ndogo inabeba lita 100 hadi 200 za maji safi. Jamaa ya watu wanne, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku, inamaliza lita 40. Tangi ya lita 150 inakauka kabla ya siku ya nne kuisha. Baada ya hapo, mtu anachukua bidoni na kwenda kwenye pampu ya mkono. Mama yeyote wa Kivu anaijua kazi hiyo bila kufundishwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yanatumia duniani kote, lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, ni sehemu ya kanuni zinazoitwa Sphere, zilizoanza kutayarishwa mwaka wa 1997. Moja ya sababu kubwa za kuziandika ni yale yaliyotokea Goma. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Walilala juu ya mawe ya volkano, ambapo kuchimba choo ilikuwa karibu haiwezekani, na walikunywa maji ya ziwa Kivu. Kipindupindu kiliingia. Katika mwezi wa kwanza tu, watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara.

Ni kusema, mtalii wa Green Lake anayejibana kwa lita 10 kwa siku yuko chini ya kipimo cha mkimbizi. Tofauti ni kwamba pampu iko karibu, maji yake ni salama, na siku ya saba atarudi nyumbani kuoga.

Choo: sheria isiyo na mchezo

Gari-nyumba lina matangi matatu. Moja ni la maji safi. La pili linapokea maji ya kunawa na ya vyombo. La tatu linapokea uchafu wa chooni. Matangi haya mawili ya mwisho hayaruhusiwi kumwagwa chini, na zaidi ziwani. Mtu anayabeba hadi kwenye kituo maalum, anaunganisha bomba nene, anafungua kwanza tangi la choo, kisha lile la maji ya kunawa ili lisafishe bomba. Anavaa glavu. Kazi hiyo haipendwi na mtu, lakini hakuna anayeikwepa.

Kambi nyingi zisizo na umeme hazina kituo hicho. Ndiyo maana wenye uzoefu wanatumia choo cha shimo cha kambi kadiri wanavyoweza, na kuacha kile cha ndani kwa watoto na kwa usiku. Choo cha shimo cha Michigan si shimo tupu: chini yake kuna tangi la saruji lililofungwa, na lori linakuja kulinyonya. Uchafu haugusi udongo, na kwa hiyo haufiki ziwani.

Kanuni za Sphere zinaomba choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Katika kambi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma, kama Bulengo, iliyokuwa karibu na ziwa, foleni mbele ya vyoo zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na kipindupindu hakikuwa mbali.

Kuni: mdudu mmoja, miti mamilioni

Usiku, watu wa kambi wanakaa mbele ya moto. Lakini kuni zina sheria yake: usizilete kutoka mbali, nunua hapohapo. Mwaka wa 2002, karibu na mji wa Detroit, wataalamu waligundua mdudu mdogo wa rangi ya kijani aliyetoka Asia ya mashariki. Mabuu yake yanakula chini ya ganda la miti ya jamii ya Fraxinus hadi mti unakauka. Tangu wakati huo ameua miti mamilioni kwa mamilioni Amerika ya Kaskazini. Peke yake, mdudu huyo haruki mbali sana. Kilichomsafirisha kutoka jimbo hadi jimbo ni binadamu, aliyepakia kuni za nyumbani nyuma ya gari akienda kupumzika.

Msomaji wa Kivu ya Kaskazini anaweza kutabasamu akisikia kwamba kuni zinaleta shida ya mdudu. Huku kwetu shida ni nyingine. Makala mengi yanayopikia Goma yametoka katika msitu wa Virunga. Na wakati kambi zilipojaa mwaka wa 2023 na 2024, wanawake waliokwenda msituni kutafuta kuni walishambuliwa na kubakwa na watu wenye silaha, jambo ambalo madaktari waliowatibu walilitolea taarifa mara nyingi. Mti mmoja wa kuchoma unaweza kugharimu jimbo moja msitu wake, na jimbo lingine usalama wa wanawake wake.

Hewa isiyoonekana

Hatari kubwa ya gari-nyumba si dubu mweusi, ingawa dubu yuko kaskazini mwa Michigan na chakula hakiachwi mezani usiku. Hatari kubwa ni hewa ya kaboni monoksidi. Inatoka kwenye jenereta, kwenye jiko la gesi lisilowaka vizuri, ao kwenye makala yaliyoingizwa ndani ili kupata joto. Haina rangi, haina harufu. Mtu anasikia kichwa kuuma na usingizi, analala, haamki.

Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya katika mabonde madogo na kuua mbuzi na watoto. Mazuku ni gesi nyingine, kaboni dioksidi, lakini funzo ni moja. Vilevile kila mwaka husikika habari ya jamaa iliyolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika gari-nyumba, chombo kidogo cha kupiga kelele hewa hiyo inapoingia kinawekwa ukutani. Bateri yake hukaguliwa kabla ya safari. Mbabula haiingii ndani kamwe, hata kukiwa na baridi.

Malaria haipo Michigan siku hizi, ijapokuwa mbu wako wengi mwezi wa sita. Kinachotafutwa mwilini jioni ni kupe, kwa sababu baadhi yao wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

Ziwa halina mlinzi

Wazazi wanapaswa kujua jambo lingine: fukwe za bustani za jimbo la Michigan hazina walinzi wa kuokoa wanaozama. Badala yake, kwenye fukwe nyingi za Maziwa Makuu kuna bendera. Kijani ni utulivu, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari, na bendera mbili nyekundu zinamaanisha kuingia majini kumekatazwa. Ziwa Michigan lina mikondo inayomvuta muogeleaji hadi ndani hata siku ya jua kali. Anayenaswa anashauriwa asishindane nayo, aelee, kisha aogelee kufuata pwani hadi atoke ndani ya mkondo.

Maziwa madogo kama Green Lake yana utulivu zaidi, lakini mtoto ambaye hakujifunza kuogelea anahitaji koti la kuelea popote. Baada ya mashua kuzama karibu na Kituku tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 na kuua makumi ya watu, hakuna Mkongomani anayehitaji kukumbushwa kazi ya koti hilo. Kwa samaki, kila mtu mwenye miaka 17 ao zaidi ananunua kibali kabla ya kutupa ndoana.

Raha yenye bei, na yenye historia

Kiwanja kisicho na umeme ni cha bei nafuu: kwa kawaida ni makumi machache ya dolari kwa usiku, pamoja na ruhusa ya mwaka ya gari kuingia katika bustani za jimbo. Nafasi inaweza kuwekwa miezi sita mbele, na zile zilizo karibu na maji huisha haraka. Kinachogharimu ni gari-nyumba lenyewe. Trela ndogo mpya inauzwa kwa maelfu mengi ya dolari, na gari kubwa lenye injini linapita 100,000 kwa urahisi. Kukodisha kunawezekana, lakini bei ya usiku mmoja mara nyingi inapita dolari 100. Kwa jamaa inayoishi kwa mshahara wa kiwanda, hema na meza ya mbao vinatosha. Kiwanja ni kilekile, ziwa ni lilelile.

Lakini ziwa halikuwa la kila mtu siku zote. Tarehe 15 mwezi wa kumi 1900, kaskazini mwa Michigan, mkuu wa polisi wa wilaya alifika katika kijiji cha wenyeji asilia kando ya ziwa Burt, akawatoa watu nje, na nyumba zao zikachomwa moto. Ardhi yao ilikuwa imeuzwa kwa mfanyabiashara kwa madai ya kodi. Leo kando ya ziwa hilo kuna bustani ya umma na kambi ya magari-nyumba, na wazao wa kijiji hicho hawajasahau.

Na kilometa 110 hivi kaskazini mwa Grand Rapids kuna Idlewild. Mahali hapo, kando ya ziwa dogo, palianzishwa mwaka wa 1912 kwa ajili ya Wamarekani weusi, kwa sababu hoteli na fukwe nyingine ziliwafungia mlango. Daktari Daniel Hale Williams na mwandishi W.E.B. Du Bois walikuwa na viwanja hapo. Louis Armstrong na Aretha Franklin waliimba hapo. Sheria ya haki za raia ya 1964 ilipofungua milango mingine, wageni walipungua, lakini ziwa na nyumba nyingi bado vipo.

Barabara yenyewe inaweza kumtia mtu hofu. Tarehe 4 mwezi wa nne 2022, Patrick Lyoya, kijana wa Kikongomani mwenye miaka 26, aliuawa kwa risasi na polisi huko Grand Rapids baada ya gari lake kusimamishwa. Kesi ilikwisha mwezi wa tano 2025 bila raia waamuzi kukubaliana, na haikurudiwa. Kwa wazazi wengi, kuvuta trela saa tatu kwenye vijia vya msituni si jambo la kuamua kwa wepesi. Hati za gari zinawekwa karibu, taa za trela zinajaribiwa, na safari inafanywa mchana.

Usiku 15, basi

Katika bustani za jimbo la Michigan, mtu haruhusiwi kukaa kiwanja kimoja zaidi ya usiku 15 mfululizo. Sheria hiyo inazuia mapumziko yasigeuke makazi. Wako Wamarekani wanaoishi mwaka mzima ndani ya gari-nyumba kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Filamu Nomadland ya mwaka wa 2020 ilionyesha maisha yao. Hao wanahama kutoka kambi hadi kambi, na wanaifahamu tofauti kati ya kutembea na kukosa pa kwenda.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996, na wako waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi. Bulengo na kambi nyingine za Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, wiki chache baada ya M23 kuuteka mji, na watu wakaambiwa waende makwao, hata wale ambao nyumba zao hazikuwapo tena. Katika visa vyote viwili, hakuna aliyewauliza wakaaji wanataka kukaa usiku ngapi.

Ziwa Kivu lina uzuri usiopungua ule wa Michigan. Kisiwa cha Tchegera, ndani ya bustani ya Virunga, kiliwahi kupokea watalii ndani ya mahema yenye vyoo na maji, mbele ya volkano, kabla ya usalama kuharibika. Lakini mjini Goma na Bukavu, sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imefungwa na kuta za viwanja vya watu binafsi, na mtoto wa kawaida anafika majini pale tu anapochota ao kufua. Ukingo wa Green Lake ulinunuliwa na serikali mwaka wa 1917, ukatolewa kwa kila raia, ukawekewa pampu, choo na sheria za kuni. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachohitaji umeme, wala utajiri wa Marekani. Vinahitaji serikali inayolinda ukingo wa ziwa, na amani ya kutosha ili mtu alale kando ya maji kwa kupenda kwake, na kuondoka kesho yake kwa kupenda kwake.